Mgane wa Dada Yake

Mvuke hakuwa mtu wa kuja siku ya kazi. Siku yake ilikuwa Jumapili alasiri, ameoga akatakata, shati limepigwa pasi, viatu mkononi kama uchochoro una maji. Angekuja, aketi kibarazani, acheze na binti yake mpaka jua lipungue makali, kisha aage aende zake. Kwa hiyo Jumatano ile, Kitinda alipoinua uso kutoka kwenye cherehani na kumwona amesimama kwenye kona ya uchochoro mchana kweupe, na ovaroli la kazi, masizi mpaka kwenye kope, moyo ulimlipuka paa.

"Kuna nini, shemeji?"

"Hakuna mgonjwa." Alisogea kidogo, akasimama tena. "Mama yupo?"

"Yuko mikokoni, anabandua chaza. Maji yamekupwa. Yakianza kujaa atarudi."

"Na baba?"

"Sikiliza mwenyewe."

Kutoka ndani ulisikika mkoromo wa mzee, unapanda na kushuka kama msumeno uliokwama kwenye fundo la mti. Siku nyingine wangecheka. Leo Mvuke alitikisa kichwa tu, akaketi kwenye ukingo wa kibaraza, mahali pake palepale, mgongo kaupa mlango uliokuwa wazi.

Mlango huo hakuwa ameuvuka tangu mkewe alipozikwa. Mkewe alikuwa dada wa Kitinda, dada wa tumbo moja. Nyumba ile ilijaliwa mabinti wawili tu, yeye wa kwanza na Kitinda wa mwisho, na katikati yao mimba zilizotoka ambazo mama yao hakupenda zitajwe. Dada aliolewa na mtu wa boila, tangi la mvuke la kiwanda cha sabuni, kijana mpole aliyeingia mtaani na begi moja, akaitwa Mvuke kwa sababu ya harufu ya kazi yake. Ndoa haikupata hata umri wa kuzoeleka. Dada alifariki akijifungua, siku ya mafuriko, na kichanga alichokiacha kilikuwa kidogo kiasi kwamba mkunga alikiita Tone. Jina likaganda. Mtoto akalelewa na bibi yake na mama yake mdogo. Baba yake akaruhusiwa kuja kumwona, ila mama wa marehemu alitoa neno moja ambalo hakuna aliyethubutu kulipindua: "Aishie nje."

Basi akaishia nje, na Jumapili zikapita.

Mtaa wenyewe ulikuwa umebanwa. Mbele viwanda, cha sabuni, cha mabati, cha magunia. Nyuma kinamasi na mikoko yake, na nyuma ya mikoko bahari ambayo wengi waliisikia kuliko kuiona. Katikati watu, na watu wenyewe wa kuja. Ukisimama bombani asubuhi ukasikiliza wanavyosalimiana, utadhani nchi nzima na nusu ya nchi jirani zimeitwa kuchota maji. Baba yake Kitinda alifika juu ya lori la chumvi, mke kando na sufuria moja magotini, akapewa kipande cha tope akaambiwa ajenge. Alikijaza kwa toroli, kifusi, vigae vilivyovunjika, majivu ya viwandani, maganda ya chaza, mpaka kikawa kiwanja. Kila masika nyumba ilizama kidogo, naye akaongeza kifusi. "Hii nyumba," alikuwa akisema akiwa na raha zake, "ya chini ni ndefu kuliko ya juu. Mimi ni tajiri wa ghorofa, ila hamzioni."

Sasa miguu ilikuwa imemvimba, toroli linaota kutu, na kilichoilisha nyumba ni cherehani ya Kitinda. Alishona maovaroli ya viwanda vyote vitatu. Kwa kuwa ndani kulikuwa na giza, alishonea kibarazani, na kwa kuwa Mvuke aliishia kibarazani, ndipo mambo yalipoanzia. Hakuna aliyeyaanzisha. Jumapili moja mtoto aliungua homa, mmoja akimpokeza mwenzake, vidole vikagusana chini ya kile kimwili cha moto, na hakuna aliyeharakisha kuviondoa. Kitinda alijilaani usiku kucha. Tangu siku ile akawa anamwita "shemeji" kila baada ya maneno mawili, kama mtu anayeweka komeo mlangoni na bado anarudi kulitikisa aone kama limeshika.

"Sema basi," alisema sasa. "Umeacha boila na nani?"

"Boila linazimwa Ijumaa." Mvuke alitazama viganja vyake. "Kabisa. Wanaleta mitambo mingine, haitaki kuni wala mtu kama mimi. Tumegawanywa. Wengine wamepewa mkono wa kwaheri. Mimi na wenzangu wachache tunapelekwa kiwanda kipya, kule ng'ambo ya rasi. Safari ya kutwa nzima kwa basi. Tunaondoka Jumamosi asubuhi."

Mguu wa Kitinda ulikuwa bado unakanyaga. Cherehani ilikwenda, sindano inapanda na kushuka, na chini yake hakuna kitambaa.

"Jumamosi hii?"

"Hii."

"Na Tone?"

"Ndilo lililonileta. Huko kuna nyumba za wafanyakazi, za matofali, mlimani. Maji hayafiki. Ni mwanangu, shemeji. Sitaki akue akijua kwamba baba ni mtu wa Jumapili."

"Utamlea na nani?"

Mvuke aligeuza uso, akamtazama. Alikuwa na macho ya mtu anayekaa mbele ya moto, mekundu pembeni, lakini yalipomtulia mtu hayakuwa na haraka. Kitinda alihisi yanamtambaa kuanzia kwenye mikono, yanapanda, yanafika usoni na kukaa hapo.

"Wewe unajua," alisema Mvuke.

"Sijui. Sema."

"Shemeji..."

"Kama unataka kusema ninachodhani unataka kusema, usiniite shemeji."

Mkoromo wa mzee ulikatika kidogo, kisha ukaendelea.

"Kitinda," alisema Mvuke. Alilisema taratibu, kama mtu anayekanyaga ubao asioujua. "Mwaka wa kwanza nilikuja hapa kwa ajili ya mtoto. Sikudanganyi, ungevaa gunia nisingejua. Nilikuwa maiti, ila sijafukiwa. Halafu Jumapili moja nikajikuta naoga mara mbili. Nikajiuliza, wewe, mtoto mdogo hivi anajali kama baba yake ananuka moshi?"

Kitinda alitaka kucheka, akajizuia.

"Watu watasema nilikuwa namvizia dada yangu afe."

"Watasema."

"Watasema umekosa kilichopikwa ukala kilichobaki sufuriani."

"Nani atasema hivyo mbele yangu?"

"Mimi nimeshajisemea." Aliondoa mguu kwenye cherehani. "Niambie kitu kimoja, na usinipambe. Ukinitazama hivyo unavyonitazama, unamwona nani?"

Mvuke alifikiri. Hilo ndilo alilompendea, kwamba aliulizwa swali akalifikiri.

"Mwanzoni nilimwona yeye," alisema. "Mna kicheko kimoja. Ukicheka nilikuwa nakuchukia, nilitaka nikuzibe mdomo. Sasa sivyo. Nikimkumbuka yeye, namkumbuka yeye, wala siombi radhi kwa hilo, nitamkumbuka mpaka nife. Lakini nikiamka asubuhi nikamfikiria mtu wa kumwambia nilichoota, ni wewe. Yeye hakuweza kukaa kimya hata akila. Wewe unaweza kukaa na mtu kimya mpaka ukweli wake ukamtoka wenyewe. Kama sasa."

Alinyoosha mkono, ukasimama katikati, haujafika. Mkono wa ovaroli ulikuwa umepanda, na Kitinda akaona tena yale makovu, yameng'aa na kukunjamana kuanzia viganjani mpaka karibu na kiwiko. Aliyajua yalikotoka. Nyumba nzima ile, ni yeye peke yake aliyejua.

"Njoo na sisi," alisema Mvuke. "Nitakuja na wazee wangu, kila kitu kitafuatwa. Sikuombi utoroke. Nakuomba tu niambie kama nije."

Kabla Kitinda hajafungua mdomo, beseni lilitua chini kwa kishindo.

Mama alikuwa amesimama kwenye kona ya kibaraza, tope mpaka magotini, khanga imefungwa juu ya mapaja, kisu cha chaza bado mkononi. Maji yalikuwa yamejaa, nao hawakuona. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyekaushwa na jua na chumvi, na uso wake haukuwa na hasira. Hasira wangejua pa kuishika.

"Aje wapi?" aliuliza.

Mvuke alisimama. "Shikamoo, mama."

"Nimeuliza, aje wapi?"

"Mama, naomba uketi kwanza..."

"Nikae kwenye nini? Umenichukulia mmoja nikamzika. Sasa umekuja mchana, na nguo za kazini, kuchukua wawili waliobaki?" Sauti haikupanda. "Na wewe," akamgeukia Kitinda, "nguo za dada yako ziko sandukuni. Kwa nini usizivae kabisa? Viatu vyake je, vinakutosha?"

"Mama!"

"Mama nini? Nimekosea? Si kitanda ni kile kile?"

Ndani, Tone aliamka akaanza kulia, na mkoromo ukakoma. Mzee alitokea mlangoni akijishikiza ukutani, mtoto amemng'ang'ania kwenye shuka yake. "Jamani," alisema, "kama nyumba imezama si mngeniamsha." Akaona nyuso zao, akajishusha taratibu kwenye kigoda.

Tone alimkimbilia baba yake, akamkumbatia miguu. Ovaroli likampaka masizi shavuni. Hakujali.

"Mwangalie mama yako mdogo," mama alimwambia mtoto, bado anamtazama Kitinda. "Anataka kuacha udogo, awe mama yako kabisa."

Kitinda alihisi kitu kinakatika ndani yake. Hakuwahi kumjibu mama yake, wala hakujua kwamba angeanza leo. Alisimama, akashika meza ya cherehani.

"Mama, siku ile ulinituma nikamwite."

"Nyamaza."

"Ulinituma kiwandani nikamwite, nikaenda maji yakiwa mapajani. Niliporudi peke yangu, dada alikuwa ameshakata roho, na ukasema jina la mtu yule lisitajwe humu ndani. Sikulitaja. Nimenyamaza mpaka leo. Lakini nilimwona, mama. Wewe hukumwona. Mimi nilimwona."

"Kitinda, acha," alisema Mvuke kwa sauti ya chini.

"Siachi. Alikuwa peke yake. Mwenzake wa kumpokea zamu alikwama ng'ambo ya daraja. Bamvu, maji makuu ya bahari, lilikuwa limekutana na mvua, mitaro inatapika, maji yanaingia mlangoni kwa boila, na boila lina moto umejaa. Maji ya baridi yakifika pale, chuma kinapasuka. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na wanawake wa kufunga sabuni, wamepanda juu ya meza, wamezingirwa, hawana pa kutokea. Nikamwambia, dada ana uchungu, damu haikatiki, mama anasema uje. Akapiga yowe, mama. Sijawahi kusikia mwanaume akilia vile. Akachukua reki ya chuma akaanza kuukokota moto nje, makaa yanamrukia mikononi, anakokota na kumwita dada jina lake. Nikamvuta, nikamwambia twende. Akaniambia, nikitoka sasa hawa wote wanakufa. Alipomaliza alitoka mbio akajitupa majini. Wewe ulimwona anafika amechelewa. Hukumwona alikotoka."

Uchochoroni, jirani aliyekuwa akianika nguo alishika nguo moja muda mrefu bila kuitundika.

Mama aliweka kisu juu ya chaza zake. "Wale wanawake," aliuliza, "walipona?"

"Walipona wote."

"Walirudi kwa watoto wao?"

"Ndiyo, mama."

"Nawafurahia." Alilisema polepole, na ilionekana hasemi uongo. "Mungu ni shahidi, nawafurahia. Mtoto wa mtu ni mtoto wa mtu." Kisha midomo ikaanza kumcheza. "Lakini mimi, Kitinda, mimi siombi mkwe mwema kwa watu wote. Huyu alisimama akapima, huku wale, huku wangu, na mzani ukalala upande wa wale. Labda alipima sawasawa. Sisemi hakupima sawasawa. Siku yako ikifika, uko mlimani huko, damu haikatiki, mimi niko mbali safari ya kutwa nzima, atapima tena. Na mimi sina mwingine. Nikikutoa wewe, sina mwingine!"

Hapo ndipo Kitinda alipoelewa. Kwa muda wote ule alidhani mama anamchukia Mvuke. Mama alikuwa anaogopa tu, woga mkubwa uliokosa pa kukaa ukahamia mlangoni.

Mvuke alikuwa amempakata mtoto. Uso wake ulikuwa umeingia kwenye nywele za Tone, na alipouinua ulikuwa na michirizi miwili katikati ya masizi.

"Mama," alisema, "hilo unaloniuliza, mimi najiuliza kila nikiwasha moto. Sina jibu. Kuna siku naona nilifanya sawa, na kuna siku natamani ningewaacha wafe wote. Ningekuwa na jibu ningekuletea zamani." Alimbusu mtoto, akamweka magotini kwa bibi yake, ambaye alikuwa ameketi bila kujua ameketi saa ngapi. "Nilikuja kumchukua. Lakini nimekuona uso wako. Siwezi kuwa mtu wa kukunyang'anya mtoto mara mbili. Tone abaki na wewe. Nitakuwa nakuja nikipata ruhusa."

Kisha akamtazama Kitinda, mara moja tu, na katika mtazamo ule aliweka kila kitu ambacho mkono wake haukufika kukigusa. Akaondoka. Kitinda alisikia viatu vyake vikikanyaga kifusi, krach, krach, mpaka mlio ukamezwa na kelele za kiwanda cha mabati.

Siku mbili zilizofuata ndani ya nyumba hakukuwa na maneno ila ya lazima. Kitinda alishona. Mama alipika, akafua, akampiga mtoto msasa wa kuoga mpaka akalalamika. Ijumaa jioni, wakati bomba la moshi la kiwanda cha sabuni lilipotoa wingu lake la mwisho jeupe na kuachwa limesimama tupu, mzee alikuwa kibarazani analitazama.

"Mke wangu," alisema bila kugeuka, "yule kijana angeweza kumbeba mwanawe akaondoka. Ni wake. Nani angemzuia, mimi na miguu hii?"

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Amekuachia," alisema mzee. "Basi. Sina zaidi."

Usiku Kitinda aliwaza kutoroka. Begi lake lingekuwa dogo, angeweza kulibeba kwa kidole. Lakini kila alipojiona anafungua mlango gizani, alimwona mama yake asubuhi akikuta kitanda kitupu, na mkono ukawa mzito. Alipambazukiwa amekata shauri: hataenda kwa kuiba, wala hatamkana. Alimvika Tone gauni, akamfunga viatu, akamwambia mama, waziwazi, "Tunakwenda kumuaga baba yake."

Mama alikuwa amempa mgongo. "Nendeni," alisema.

Basi lilikuwa limeegeshwa nje ya geti la kiwanda, limewashwa, linatikisika. Wanaume walikuwa wanapandisha magodoro juu, wake zao wakiwafokea wasisahau hiki na kile, watu wakikumbatiana wakiona haya. Mvuke alisimama kando na begi lake, kofia kichwani. Alipowaona, hakukimbia kuwapokea. Alikaa palepale kama mtu anayeogopa kwamba akisogea watatoweka.

Tone alimrukia. Kitinda akafika nyuma yake.

"Sikujibiwa siku ile," alisema Mvuke.

"Ulitaka ujue kama uje." Sauti ilimtoka nyembamba, lakini ilimtoka. "Uje. Sijui mlango gani utafunguliwa, sijui lini. Mimi siendi nawe leo, na sitaolewa na mwingine. Nimesema mchana, mbele ya watu."

Alimshika mkono, na makovu yake yote, akaubana kwenye shavu lake. Hakujali nani anatazama. Walitazamana hivyo mpaka Kitinda alipoona macho ya Mvuke yakiinuka juu ya bega lake na kubadilika.

Mama alikuwa anakuja. Alikuwa hajakanyaga barabara ile ya kiwandani tangu mafuriko, alizunguka kwa nyuma, kwenye tope, kuliko kupita mbele ya geti lile. Sasa alikuwa anatembea katikati ya lami, amevaa khanga zake safi, anapumua kwa nguvu. Watu walimpisha. Alisimama mbele ya Mvuke, mfupi kiasi kwamba ilibidi ainue kidevu.

"Asubuhi ile," alisema, "ulipoondoka kwenda kazini. Alikuwaje?"

Mvuke hakuelewa.

"Mwanangu. Mimi nilimkuta ameshaanza uchungu, hakuwa na maneno. Wewe ndiye wa mwisho kumwona mzima. Sijawahi kukuuliza. Alisema nini?"

"Alikuwa ananitania, mama," alisema Mvuke. "Alisema tumbo limekuwa kubwa, hajaiona miguu yake siku nyingi, nimwangalie kama vidole bado vyote vipo. Nikapiga magoti nikamhesabia. Nikafika mwisho nikamwambia kimoja hakipo. Akanipiga na kandambili mpaka mlangoni."

Kitu kilimtoka mama, sauti ambayo Kitinda alidhani ni kilio. Kilikuwa kicheko. Kilimjia ghafla, akajiziba mdomo kwa khanga, kikampita pembeni.

"Ndiye huyo," alisema. "Ndiye huyo mwanangu. Hata nilipokuwa namfunga nepi alikuwa ananipiga." Alicheka mpaka akashika mbavu, na hakuna aliyejua ni wapi kicheko kiligeuka. Mvuke naye alikuwa analia, wazi, mbele ya wenzake, hajifuti.

Dereva akapiga honi.

Mama alijikausha uso kwa pindo. "Nisikilize," alisema. "Nenda kaanze kazi. Ukishapata pa kulala pa maana, njoo na wazee wako tuzungumze. Sijasema nimekubali. Lakini nikikubali, siku huyu akianza uchungu, mimi nitakuwa nimeshafika. Siitwi siku hiyo. Naitwa mwezi kabla. Mkinipigia simu nitakuja, basi lisipokuwepo nitakuja kwa miguu."

"Ndiyo, mama."

"Usinijibu ndiyo mama. Sema."

"Utakuwa umeshafika," alisema Mvuke. "Mwezi kabla. Nitakufuata mwenyewe."

"Haya. Panda, watakuacha."

Mvuke alimbusu Tone kichwani, akamtazama Kitinda kama mtu anayekunywa maji ya safari, akapanda. Basi lilitoa moshi, likaanza kusogea, wake za watu wakikimbia pembeni yake wakigonga madirisha. Kitinda naye alitaka kukimbia. Aliinua mkono ampungie, na wakati huohuo mama alimwegemea, uzito wake wote, uso begani, mabega yanaruka. Tangu siku ya mazishi hakuwa ameegemea mtu. Kitinda akashusha mkono, akamkumbatia kwa yote miwili, akamshika imara.

Dirishani, Mvuke aliona hivyo, akavua kofia.

Tone ndiye aliyepunga, kwa niaba yao wote, mpaka basi likapinda kona.